Jinsi Mzee Masjala Alivyoitoa Barua Kompyutani

Jongeeni, enyi wenye simu mikononi na nafasi kidogo moyoni! Punguzeni redio, mtege masikio, niwasimulie vita vilivyopiganwa Jumamosi moja kwenye kona ya sebule, na shujaa wake Mzee Masjala, mtunza majalada mstaafu, bingwa wa mihuri, simba wa makabati ya chuma, ambaye katika miaka thelathini ya kazi hakupoteza karatasi hata moja, isipokuwa ya mkewe.

Karatasi yenyewe ilikuwa barua ya kuomba radhi. Miaka ishirini na sita iliyopita alimsahau mkewe kituoni, mvua ikamnyeshea saa mbili nzima, na tangu hapo ameapa kwamba msamaha aliuandika kwenye kompyuta yake, ila printa ikafa, na mdomo wa kumezea diski ukaziba. Mkewe hakuamini. Alipoalikwa aje aisome kwenye kioo, alikataa katakata.

"Barua huletwa, mume wangu. Sijaona barua inayofuatwa."

Sasa aliitaka kona ile kwa cherehani yake, na mnunuzi wa vyuma chakavu angefika saa sita mchana kuibeba kompyuta ile kongwe. Binti yao, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekwisha kumfungia mkongwe yule kadi ya mtandao ya mtumba. Kilichobaki ni barua ipite kwenye waya hadi kwenye laptopu yake, naye aichape.

Saa nne shujaa akazama chini ya meza, magoti yakilalamika, akauburuta waya wa buluu kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, akauchomeka, na taa ya kijani ikawaka. Binti akamwambia kila chombo kinachotumia mtandao humu ndani kina namba yake, amchagulie mkongwe namba isiyo na mwenyewe, kisha akaenda kuanua nguo. Naam, Mzee Masjala akasimama, akapandisha suruali, akaihutubia sebule tupu.

"Katika masjala, jalada la aliyeajiriwa kwanza hukaa mbele. Huyu alikuwa kazini televisheni hii haijazaliwa. Basi na apewe namba moja, kwa heshima ya utumishi wake."

Akaandika moja. Papo hapo mtandao ukaanguka nyumba nzima, na fundi cherehani aliyekuwa akimfundisha mke wa shujaa kukata kola akaganda kwenye televisheni, mkasi juu. Binti akarudi mbio, wakapuliza vumbi, wakatikisa waya, wakazima na kuwasha, na mke akauliza kwa upole wa kutisha kama huo ndio msamaha wenyewe. Saa tano na nusu mkokoteni wa vyuma ulisikika kwa jirani. Ndipo binti alipouliza namba, akajibiwa kwa fahari, akakaa sakafuni.

"Baba, moja ni ya ruta. Yeye ndiye mlinzi wa lango. Sasa walinzi ni wawili, hakuna anayejua apite kwa nani."

"Na huyu mkongwe aende wapi?"

"Hamsini. Nyuma ya wote."

Ilimuuma, tusifiche. Kumweka mkongwe nyuma ya simu za juzi ni kuvunja sheria aliyoishi nayo maisha yake yote. Akautazama mgongo wa mkewe, ulionuna mbele ya televisheni, akaandika hamsini.

Mkasi ukashuka, kola ikakatwa, barua ikavuka. Mzee Masjala akaipokea ingali na joto la printa ya binti, akatembea hatua nne, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili. Mke akavaa miwani, akasoma hadi tarehe ya chini, akairudia. Mnunuzi alipobisha, alimwambia bila kugeuka kwamba hapa hakuna chuma.

"Kumbe uliandika kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Nimekusamehe ya mvua." Akaikunja barua, akaitia kifuani. "Na ya kusinzia kwenye harusi ya dada yangu, hiyo iko kwenye kompyuta gani?"

Basi waandishi wa historia na waandike kwamba siku ile, saa sita kasoro dakika saba, chombo namba hamsini kilifikisha barua iliyochelewa miaka ishirini na sita, na kwamba shujaa wetu hakupumzika hata kidogo, bali alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya kioo, akaanza kuandika ya pili.