Herufi za Unga na Chumba cha Kona

Jumatatu, 3 Februari
Mwalimu Mkuu katangaza: Ijumaa anapita chekechea. Darasa litakalotambua sauti za herufi vizuri zaidi litahamia chumba cha kona. Madirisha mawili, paa halivuji! Darasa langu linasomea stoo, kati ya mafagio na madawati mabovu. Nakitaka kile chumba mpaka roho inaniuma. Mpinzani ni mmoja tu, Bi Vizibo, mwalimu wa darasa jirani, anayewapangisha watoto vizibo vya soda viwe herufi. Eti vizibo.

Jumanne, 4 Februari
Leo Bi Vizibo kawachorisha watoto wake herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga, huku wakitamka sauti zake. Kazi ya kobe. Jioni nikamwomba mke wangu unga, sukari na nafasi jikoni. Kauliza ni sherehe ya nani. Nikamwambia ni elimu. Kaguna. Nimekanda herufi, nimezioka. Sheria yangu: ukitamka sauti sawasawa, unaila herufi yako.

Jumatano, 5 Februari
Maajabu. Watoto waliokuwa wananikodolea macho tu leo wanadai herufi. Mmm, kala. Sss, kala. Hata yule binti tunayemwita Kimya, ambaye hajawahi kufungua mdomo darasani, kanguruma "rrr" na kuomba nyingine. Nilifurahi kupita kiasi, sitaficha. Bi Vizibo kachungulia, akauliza kama wanajua kuzichora pia. Wivu huo. Nimeshanunua mapazia ya chumba cha kona.

Ijumaa, 7 Februari
Aibu tupu. Mwalimu Mkuu kaja na mfuko wa herufi zake mpya za mbao. Kainua ya kwanza, darasa zima likajibu "mmm". Katabasamu. Nikajiona nimeshashika ufunguo. Kisha kampa Kimya aishike.

Kimya kaing'ata. Wenzake wakaona wanapunjwa, wakauvamia mfuko. Mwalimu Mkuu kabaki na S yenye alama za meno, akaniuliza kama nawafundisha kusoma au kuguguna. Chumba kakipata Bi Vizibo. Mapazia ninayo mimi.

Jumamosi, 8 Februari
Kosa nimeligundua: ni utamu. Mke wangu anasema kosa ni mimi, na kwamba Bi Vizibo yuko tayari kuniazima sinia lake. Siazimi mchanga. Nimenunua miche ya sabuni na kuanza kuchonga herufi. Sabuni ya ndimu, inanukia mpaka barabarani. Mtoto gani atakula sabuni?

Binti yangu mdogo kaomba moja ya kuchezea. Nimempa A. Sasa mama yake ananiita jikoni, anasema mtoto anatoa povu mdomoni. Bila shaka ni hiyo ndimu. Jumatatu nitatumia sabuni isiyo na harufu.