Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Dawa za hospitali zimemmaliza mama mkwe nywele. Vitambaa vya dukani vinamwasha kichwa. Mwanyumba wangu, yule fundi saa aliyemwoa dada wa mke wangu, katangaza sebuleni kwamba atamletea kofia ya hariri Jumamosi. Kapigiwa makofi! Nikajikuta nimesimama. Nikasema mimi nitamfumia kitambaa kwa mikono yangu. Uzi wa pamba, nakshi ya ndege, rangi za jikoni tu. Mke wangu akaniuliza kwa upole tangu lini najua kufuma. Nikamjibu nitajua kesho.

Jumanne, 4 Machi
Karani mwenzangu kanifundisha saa ya chakula. Nimemfuma ndege mmoja kwa uzi wa majaribio. Karani kasema ni birika zuri sana.

Jumatano, 5 Machi
Rangi. Jirani kaniambia nichemshe uzi kwa shabu kwanza ili rangi ishike, kisha nikishautia rangi nisuuze mpaka maji yatoke meupe. Kazi ya siku mbili! Za nani? Nimeruka yote. Uzi mmoja nimeutia kwenye manjano, wa ndege kwenye maganda ya vitunguu. Sinki sasa ni la njano. Mimi pia, mpaka viwiko.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefuma siku mbili mfululizo, hata chini ya meza ya ofisi. Nimemtangulia mwanyumba kwa saa nzima. Mama mkwe alikiweka kitambaa shavuni. “Mwanangu, hakiwashi hata kidogo,” akasema. Halafu akauliza kwa nini mabirika. Nikasema ni kwa sababu anapenda chai. Kofia ya hariri ikaenda kabatini. Mwanyumba kanywa maji glasi tatu. Ushindi!

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Mama mkwe kaenda kliniki na kitambaa chake. Joto, jasho. Daktari alipomvua kitambaa, paji njano, masikio njano, shingo njano! Akahofia dawa zimeharibu ini. Wakamtoa damu, wakamlaza. Mke wangu kanipigia simu analia. Nilikimbia na slipa za ofisini. Nilimkuta mama mkwe kajikunja kitandani, kamshika mkono mwanyumba. Sikuwaza ushindi wowote.

Muuguzi akampangusa paji kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikageuka njano. Wote wakanitazama viwiko. Mama mkwe akaangua kicheko mpaka dripu ikayumba. Mke wangu anasema hajacheka hivyo tangu augue.

Jumanne, 11 Machi
Ini ni zima. Mama mkwe karuhusiwa kurudi nyumbani, kakichemsha kitambaa mwenyewe, kwa shabu, na kakivaa. Kaniusia nisiwe na haraka tena. Nimeitikia kwa moyo wote.

Jioni mwanyumba kasema atamletea shuka jipya. Shuka! Nimetangaza kumtilia rangi blanketi zima, jekundu, kwa maji ya viazi sukari vyekundu. Tayari kesho asubuhi. Kusuuza hakuna haja. Blanketi ni nene, litanyonya lenyewe.