Maziwa ya Kufanya Chai Iwe Exciting

Jumanne, 10 Juni
Kazi imetokea! Madam Molly, mwenye shamba la chai linalopokea wageni hapa Litein, anataka kijana mmoja wa kuwatembeza. Kizungu lazima. Tumebaki wawili: mimi Kiplimo, na Oyugi. Oyugi alimaliza Form Four. Mimi niliishia Form Two, lakini kwa kishindo. Ameniambia eti nikauze ndizi. Atajua hajui!

Jumatano, 11 Juni
Dada Chepkemboi, mwalimu, amenifunza maneno ya hisia. Boring, bored. Exciting, excited. Sasa mbona neno moja lina mikia miwili? Nimewaza mpaka zizini, nikikamua. Nikaona! Ng'ombe anatoa: huyo ni -ing. Ndoo inapokea: hiyo ni -ed. Chai ni exciting, mgeni ni excited. Hawa Wazungu walitoa haya mambo kwa ng'ombe, wasinidanganye. Chepkemboi amesema hata chuoni hawakumweleza hivyo, ila nisiringe.

Nimeringa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimezunguka soko nikipanga watu. Priscah wa viazi: tiring. Wateja wake: tired. Fundi wa viatu akauliza, na yeye je? Nikamwambia boring. Amekataa kunirudishia kiatu cha kushoto.

Jumamosi, 14 Juni
Siku ya mtihani: mimi na Oyugi tuwatembeze wageni wa Madam. Nimeenda na gumboots. Nikatangulia chumba cha kuonja chai. Vikombe kumi na viwili mezani, vyote turungi! Hakuna hata tone la maziwa! Kwetu ukimpa mgeni turungi, anajua humtaki. Chai boring, mgeni bored, kazi kwaheri. Bahati nzuri nilikuwa na maziwa ya kupeleka dairy. Nikatia kila kikombe. Na sukari, vijiko vitatu vitatu.

Kumbe kila kikombe kilikuwa na chai ya shamba tofauti, ya kulinganishwa rangi na ladha. Sasa zote zilikuwa na ladha ya ng'ombe wetu. Oyugi alicheka mpaka akashika ukuta. Wageni walimaliza vyote, mzee mmoja akalamba kijiko. Madam akaniambia polepole, kwa Kizungu, kwamba yeye ni very disappointed.

Jumapili, 15 Juni
Oyugi amepewa kazi. Kanisani amenipungia mkono kama gavana. Hanisumbui. Wakati wa mahubiri nimelichunguza lile neno la Madam. Yeye ni disappointed: ndoo. Basi mimi ni disappointing. Ng'ombe! Mwenye kutoa ni mimi!

Kesho narudi nimweleze Madam mwenyewe. Na maziwa lita tano.