Vipokezi Vilivyogoma Kuingia

Jumatatu, 8 Julai

Mvua asubuhi. Profesa Ponnappa kaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Kasema huu ni mwaka wangu wa tatu wa uzamivu na sijamwonyesha hata picha moja. Kamati inakaa Ijumaa. Bila picha, safari ya kurudi kwetu Udupi, kwenye mkahawa wa kaka yangu. Kaka ameshanitengea aproni. Haiwezekani!

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Juu ya utando wa seli kuna vipokezi. Kipokezi hudaka protini inayobeba madini ya chuma. Kikishadaka, seli hukimeza ndani ya kifuko kidogo, chuma hubaki huko, kipokezi hurudi juu na protini iliyobaki tupu, huiachia nje na kudaka nyingine. Mimi natakiwa kuipaka protini hiyo rangi nyekundu inayong'aa, kisha nipime safari ya kuingia na kutoka huchukua dakika ngapi. Basi.

Shida ni hadubini. Iko moja tu. Na Vasudha, tuliyeanza naye siku moja, anaitumia kama jiko la mama yake. Ana picha mia nne. Mia nne!

Nimefungua daftari la zamu. Kuanzia kesho hadi Alhamisi nimeandika: Dk. Shenoy, mgeni kutoka Pune. Dk. Shenoy hayupo duniani. Nimemtunga nikinywa chai, kati ya kitumbua cha idli cha kwanza na cha pili. Akili ninayo, asikudanganye mtu.

Jumanne, 9 Julai

Balaa. Profesa kaliona jina. Kafurahi! Anataka kula na mgeni chakula cha mchana. Nikasema Dk. Shenoy anaumwa tumbo. Kasikitika kweli kweli. Kamtuma Mama Puttamma, anayetulelea seli pale maabarani mwaka wa ishirini sasa, apeleke ndizi na uji wa mchele nyumba ya wageni.

Mama Puttamma kapanga ndizi kikapuni. Kauliza mgeni ni mnene au mwembamba. Nikasema wa kadiri. Kachukua mwavuli, kaenda.

Karudi na kikapu kitupu. Kasema mgeni anashukuru sana.

Anashukuru? Nani anashukuru? Sikula mchana.

Jumatano, 10 Julai

Nimekuwa mtu mkubwa!

Nimeiweka protini nyekundu kwenye seli zikiwa juu ya barafu, kama inavyotakiwa. Ikanasa kwenye vipokezi. Kila seli ikazungukwa na pete nyekundu, nzuri kama bangili. Kisha nikazihamishia kwenye hadubini zipate joto la mwili, vipokezi vimezwe. Dakika tano: pete. Dakika kumi: pete. Nusu saa: pete ile ile!

Havikuingia hata kimoja. Vitabu vyote vinasema lazima viingie. Vyangu vimegoma. Huu ni ugunduzi!

Nilikimbia kwa Profesa na koti la maabara mgongoni. Nikamwambia dunia itabidi ichape vitabu upya. Kasema vizuri, ila kabla ya Ijumaa Vasudha aangalie nilivyofanya. Vasudha! Wivu utamuua, maskini.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya aibu. Niandike haraka.

Vasudha kaingia chumba cha hadubini, chenye kiyoyozi kikali, kaweka kiganja juu ya kisanduku kinachoipa hadubini joto. Kaufuata waya kwa kidole mpaka ukutani. Plagi ilikuwa sakafuni. Kwenye soketi kulikuwa na chaja yangu.

Kaniuliza taratibu, “Gurudatt, simu imejaa?”

“Imejaa.”

“Tangu lini?”

“Tangu jana.”

“Basi tangu jana seli zako zinatetemeka kwa baridi, ndugu yangu. Seli ni kama mwili: ikipata homa kali inakufa, ikipata baridi haimezi kitu. Ungekuwa wewe ungemeza?”

Nilikaa chini. Niliona aproni ya kaka, na madoa yake. Nikamwambia nimekwisha, hata seli za kurudia sina.

Hakucheka. Kaenda kwenye kabati la joto tunamotunzia seli, kachukua visahani vyake vitatu. Vyake mwenyewe! Alivitunza wiki nzima kwa ajili ya kazi yake. Kasema, “Dk. Shenoy si anaumwa? Tutumie zamu yake.” Kisha akanikonyeza. Anajua. Tangu Jumatatu anajua!

“Ila kwa Profesa unaenda mwenyewe,” kasema. “Mimi sikusemei.”

Nimekwenda. Profesa kasikiliza mpaka mwisho, kavua miwani, kaifuta, kaivaa. “Chaja ya simu?” Nikasema ndiyo, Profesa. Kasema, “Niletee picha.” Basi. Hakunifukuza.

Na picha tumepata. Dakika ya tatu pete zikaanza kukatika. Dakika ya tano vidoti vyekundu vilijaa ndani ya seli, vinakwenda huku na huku kama watu wenye shughuli. Dakika ya kumi na tatu vikawa vinarudi ukingoni kimoja kimoja na kuzimika, protini ikiachiwa nje. Vimekwenda na vimerudi! Nilimshika Vasudha mkono bila kujua. Kasema nimwachie mkono, apige picha.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepita!

Nilikuwa nimejiandaa kusema nilifanya peke yangu. Nilipofungua mdomo mbele ya kamati, majina yao yakatoka kwanza: Vasudha, Mama Puttamma. Na machozi kidogo. Mzee mmoja wa kamati kanisogezea maji.

Baadaye nikamuuliza Mama Puttamma ni nani aliyeshukuru kule nyumba ya wageni.

“Ni mimi, nani mwingine! Ndizi mbili nimekula, tatu kala mlinzi. Uji tumegawana. Ulitaka nimrudishie Profesa vyakula, mwanangu, akuulize maswali?”

Nimeinama nikagusa miguu yake kwa heshima. Kanipiga kofi la kichwa, kanipa kahawa. Watu wa namna hii nimewapata wapi, mimi niliyewafanyia hila? Moyo umejaa.

Jumamosi, 13 Julai

Shukrani za mdomo hazitoshi. Nimetafakari zawadi ya Vasudha tangu nilipoamka, na nimeipata.

Maabara leo haina mtu. Seli zake zote zimo kwenye kabati la joto, zile za miaka yake mitatu, anazozihitaji kumalizia uzamivu. Kabati limewekwa nyuzi thelathini na saba, joto la mwili. Nimefikiri: ikiwa kwa thelathini na saba vipokezi hurudi kwa dakika kumi na tatu, kwa arobaini na tano si vitaruka? Atamaliza kazi yake mwezi mzima kabla ya wakati!

Nimezungusha kitufe mwenyewe. Sijamwambia mtu. Jumatatu nitawahi mlangoni, nimwone uso akifungua.