Jinsi Lwakatare Alivyoivuka Alama ya Juu

Nyamazeni, enyi mnaovuka na mnaongoja kuvuka! Zimeni redio, tueni vikapu vya dagaa, na mwenye ng'ombe amshike ng'ombe wake. Nawaletea habari ya damu. Si damu ya watemi waliogombea mifugo na ngoma, la. Ni damu ya mtu mmoja, matone machache ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama unyasi, na humo ndani, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne, ilipiganwa vita ambayo Kigongo na Busisi, ng'ambo mbili za kivuko chetu, hazijaona mfano wake.

Shujaa wetu ni Lwakatare, mwana wa Ziwa Magharibi, Mdaka Kamba, Nguzo ya Pantoni. Ndiye aliyesimama mbele ya chombo kila kilipokaribia nchi kavu, akarusha kamba, akaivuta, na malori ya pamba yakatulia kama kondoo. Lakini adui hakuja kwa mkuki. Alikuja kwa jina la kitoto, Matumbwitumbwi, akavimbisha mashavu ya shujaa, kisha akashuka bila haya hadi kwenye korodani na kuziharibu. Tangu hapo ndevu zikapungua, mikono ikalegea kama kamba iliyolowa, na yeye aliyekuwa akila sahani mbili za ndizi akawa analala kabla ya kumaliza moja. Walimwondoa mbele ya chombo, wakampa kazi ya kukata tiketi. Ole! Simba kupewa kitabu cha tiketi!

Daktari mmoja wa mjini ndiye aliyemwokoa. Kila wiki tatu alimdunga sindano ya homoni ya kiume, ile ambayo mwili wake ulikuwa umeacha kuitengeneza. Ndani ya miezi minane ndevu zikarudi, kamba ikarudi mkononi, na Felicitas, mkewe, akaanza tena kulalamika kwamba chakula hakitoshi. Hakuna malalamiko yaliyopata kumfurahisha mwanamume kiasi hicho. Kwa hiyo fahamuni: sindano ile ilikuwa ndiyo kamba ya maisha yake. Akiikosa, anarudi kwenye tiketi.

Basi ikafika Jumamosi moja, daktari akaamuru damu ipimwe. Shujaa akautoa mkono wake bila kupepesa jicho, akapewa karatasi, akaambiwa arudi nayo Jumatatu. Karatasi hiyo ilikuwa imepigwa chapa upya kwa Kiswahili, maana siku zile Kiswahili kilikuwa kimeingia maofisini na kukalia kiti. Naye Lwakatare, aliyekuwa ametunukiwa cheti cha kisomo cha watu wazima, akaisoma mwenyewe ndani ya basi, kwa sauti ya kutosha abiria wote:

“Chembe nyekundu: hamsini na tano. Alama ya juu: hamsini na nne.”

Akaisoma tena. Macho yakamtoka. Alama ya juu, hamsini na nne! Nani huyo aliyekuwa akiongoza kwa hamsini na nne? Mwalimu gani, askari gani, mcheza mpira gani wa Mwanza nzima? Yeyote yule, leo amepitwa.

Alipofika Kigongo hakupanda pantoni, aliliteka. Akasimama juu ya gunia la muhogo, akainua karatasi, akanena: “Ndugu zangu wa majini! Mlinihurumia nilipokata tiketi. Leo serikali imeipima damu yangu na kuiona imevuka alama ya juu kabisa. Mimi ndiye wa kwanza!”

“Wa kwanza kati ya wangapi?” akauliza Ally, baharia mwenzake, mtu mwenye ulimi mkali kuliko nanga. “Isije ikawa mlipimwa wawili, wewe na maiti.”

“Kati ya wote waliowahi kupimwa! Soma mwenyewe kama unajua kusoma.”

Ally akasoma. Akakuna kichwa. Karatasi ilisema vile vile. “Haya bwana,” akasema, “alama moja tu. Hata bata humpita bata mwenzake kwa alama moja. Ukifika sabini, nitakubebea viatu.”

Lakini mabaharia wengine hawakungoja sabini. Wakapiga debe, wakaimba, na wimbo ukavuka maji pamoja nao:

*Alama yao si kitu, Lwakatare kaipita,*
*Wenye nguvu ni wa kwetu, Busisi hadi Geita,*
*Damu yake si ya mtu, ni ya kifaru wa vita,*
*Asiyesadiki katu, kivukoni hatapita.*

Nyumbani, Busisi, akamwagiza Felicitas apike maini. Akala maini Jumamosi, akala maini Jumapili kabla ya misa na baada ya misa, akavuta sigara za ushindi moja baada ya nyingine.

“Baba Odeta,” akasema mkewe, “hiki kichwa kinachokuuma wiki mbili sasa, nacho ni cha ushindi?”

“Ni uzito wa taji.”

“Na uso kuwa mwekundu kama tofali?”

“Huo ni mng'ao, mama. Usiogope mng'ao.”

“Jumatatu tunakwenda wote,” akasema Felicitas, na jambo likawa limekatwa.

Jumatatu shujaa akaingia maabara kama anayeingia ikulu. Pale alitawala Mama Mastura, mpimaji wa damu, mzaliwa wa mjini, mwenye miwani puani na kanga begani, ambaye alikuwa amekwisha kuchoma vidole vya nusu ya mkoa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Daktari yuko chumba kile.”

“Najua. Nimekuja kwako kwanza. Pima tena! Nilipoondoka hapa nilikuwa na hamsini na tano. Tangu hapo nimekula maini ratili nne. Natamka mbele ya mke wangu na mbele ya mashine hii: sasa nimefika sabini!”

Mama Mastura akavua miwani. “Sabini? Ungefika sabini, baba, ungeletwa hapa kwa machela.”

Felicitas akashika mkono wa mumewe.

“Mama, karatasi imesema nimepita alama ya juu.”

“Umeipita. Ndiyo maana daktari anakutaka.” Akachukua mrija wa kioo kutoka kwenye mashine ya kuzungushia damu, akauinua dirishani. “Tazama. Hapa chini nyekundu, hapa juu maji ya manjano. Nyekundu ndizo chembe, maji ndiyo yanayozibeba. Ukiugawa mrija huu mafungu mia, kwako nyekundu ni mafungu hamsini na tano. Sindano yako inauamsha mwili, na mwili ukiamka unatengeneza chembe nyingi. Zikizidi, damu inakuwa nzito. Inajikokota. Inaweza kuganda moyoni au kichwani.”

“Lakini hamsini na nne ni alama ya juu!” akalia shujaa, akiwa bado ameishikilia ngome yake. “Kwenye kisomo, mwenye alama ya juu alipigiwa makofi!”

“Kazi yako nini?”

“Baharia. Pantoni la Busisi.”

“Ubavuni mwa pantoni lenu hakuna alama?”

“Uko mstari mweupe,” akasema Lwakatare polepole. “Alama ya mzigo.”

“Maji yakiufunika, mnampigia nahodha makofi?”

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo ngome ilipoanguka. Shujaa aliuona ule mstari mweupe. Akaona malori, akaona maji yakiupanda, akaona abiria na ng'ombe na magunia. Na ndani ya chombo hicho akajiona yeye mwenyewe, amesimama juu ya gunia la muhogo, anashangilia.

“Hapana, mama,” akasema. “Tunashusha lori moja.”

“Sasa umejua kuisoma karatasi yako.”

Daktari hakuwa mtu wa hotuba. Alisema maneno machache tu: leo hakuna sindano, chupa moja ya damu itolewe, sigara ziachwe, maji yanywewe kwa wingi, baada ya wiki tatu apimwe. Ikishuka chini ya alama, atadungwa, ila kwa kipimo kidogo zaidi. Isiposhuka, sindano zinasimama, na hajui kwa muda gani.

Nani ataeleza mateso ya wiki zile tatu? Sigara zilimwita kwa jina, naye akaziba masikio. Maji aliyokunywa, Ally aliapa kwamba ziwa limerudi nyuma hatua mbili. Wiki ya pili mikono ikaanza kulegea, kamba ikamponyoka mara moja, na hapo Ally, bila mzaha hata mmoja, akaidaka na kuifunga mwenyewe, kisha akasema tu, “Endelea kunywa, ndugu yangu.”

Siku ya hukumu Felicitas ndiye aliyeishika karatasi. “Chembe nyekundu,” akasoma, “arobaini na tisa.”

“Arobaini na tisa!” akanguruma Lwakatare hata foleni nzima ikageuka. “Sikufika hata nusu ya mrija! Nimeshuka alama sita! Mama Mastura, nimeshuka!”

“Hongera, baba. Sasa shusha na sauti, watu wanaumwa.”

Akadungwa sindano yake. Jioni ile walipokaribia Busisi alisimama mbele ya chombo, akarusha kamba, akaivuta, na chombo kikatulia. Iandikwe basi, na watoto wasomeshwe, kwamba palikuwa na mtu Ziwani aliyepata ushindi kwa kupunguza. Na ilipokazwa ile kamba, pantoni lilipiga honi mara tatu. Wenye wivu husema lilikuwa linamfukuza ng'ombe aliyelala njiani. Sisi tuliokuwamo tunajua lilimpigia nani.