Miaka Kumi ya Nyongeza

Jumatatu, 6 Julai 1981. Rhotia.
Nimepanga juma. Jumatatu na Jumanne, Rhotia: wagonjwa, darasa la kipaimara, ugomvi wa kwaya. Jumatano hadi Ijumaa, Olbalbal: kuishi na wafugaji, kula wanachokula, kulala wanapolala. Jumamosi kufua (sabuni hakuna). Jumapili ibada, Rhotia. Mistari nimepiga kwa rula. Mchungaji Clemensi ameitazama ratiba akauliza safari imewekwa siku gani. Sikuwa nimeiweka. Kwenda Olbalbal ni siku nzima ya lori, likipatikana.

Jambo la pili. Bibi Valeria, mwenyekiti wa akina mama, amesema mwinjilisti asiye na mke hapewi nyumba ya usharika. Nimepewa mpaka Sikukuu ya Mavuno, tarehe 19. Mtu anaye tayari: mjukuu wake, Bibiana. Nimemjibu kwamba naomba. Sikusema naomba nini.

Ninayemtaka ni Namelok wa Olbalbal. Amemaliza darasa la saba, ndiye anayetafsiri mahubiri yangu kwa Kimaasai. Mimi nasema dakika kumi, yeye moja. Watu wanamwelewa.

Alhamisi, 9 Julai. Olbalbal.
Kikao cha wazee. Mzee Olais, baba yake Namelok, aliniuliza mimi ni rika gani. Hapa kila mwanamume ana rika lake kufuatana na mwaka aliotahiriwa, na kijana hasemi mbele ya wazee. Nina miaka ishirini na minane. Kwa ukweli huo ningekaa nje kulinda mikuki. Nani atamwoza binti yake mlinda mikuki? Nikaongeza miaka kumi. Upara ulinisaidia.

Olais akanishika mkono kwa furaha. Basi mimi ni Seuri, rika lao! Nikapewa kigoda. Nikasema dakika ishirini, hakuna aliyenikatiza. Ushindi!

Namelok alipoleta maziwa hakunipa mkono kama siku zote. Aliinamisha kichwa mbele yangu. Nikamgusa utosini, kama walivyofanya wazee wengine. Adabu ya ajabu. Dalili njema.

Ijumaa, 10 Julai. Olbalbal.
Tatizo dogo. Seuri wanachinja ng'ombe Jumapili. Nimemweleza Olais kwamba Jumapili ni ya Rhotia. Ameuliza kama Rhotia wanachinja. Nikasema hapana. Akasema basi hajaona tatizo, na kwamba Seuri asiyekula na rika lake amelitukana rika lake. Nimebaki. Ratiba nimeisahihisha kwa penseli.

Jumatatu, 13 Julai. Rhotia.
Kidari kilikuwa kizuri. Nimerudi na lori la mahindi la dereva Thomasi, nimekuta nyuso zimenuna. Jana kengele ilipigwa, Mchungaji alikuwa Karatu, mimi sikuonekana. Bibi Valeria akaongoza ibada mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa amenipongeza kwa kutokuwapo: mahubiri yalikuwa mafupi, na kwaya haikugombana.

Jumatano, 15 Julai. Olbalbal.
Siku yenyewe. Blanketi jipya, tumbaku, sukari kilo mbili (siku tano za kuitafuta). Nimempelekea Olais. Akafurahi, akauliza ni kwa ajili ya binti wa nani. Nikasema wake. Namelok.

Aliliweka blanketi chini. Akavuta ugoro mara mbili. Kisha akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto: binti wa Seuri mmoja ni binti wa Seuri wote. "Ulimgusa kichwa, rika langu. Yule ni mwanao."

Nikasema haraka huenda nimekosea kidogo hesabu ya miaka. Akauliza ni nani basi aliyekaa kwenye kigoda, akasema dakika ishirini, akala kidari. Kama ni kijana, kuna faini ya mtamba, na vijana wenzake wanayo namna yao ya kumfundisha kwa fimbo.

Nikasema hesabu ilikuwa sahihi. Nina miaka thelathini na minane. Blanketi na sukari nimerudishiwa. Tumbaku amebaki nayo.

Alhamisi, 16 Julai. Olbalbal.
Nimemfuata Namelok kwenye maji nimwambie ukweli walau yeye. Alikuwa anafunga madebe mgongoni mwa punda. Kabla sijafungua kinywa, kichwa kimeinama. Nikakigusa. Ningefanyaje?

Akasema ana shida, baba. Mwalimu Saning'o amemposa, naye anamtaka. Lakini Olais ana mtu mwingine, mwenye ng'ombe wengi, na kesho wazee watakaa. Akaniomba nimsemee. Nikasema nitamwombea. Akasema, "Si kuomba, baba. Kusema. Unaweza dakika ishirini." Akaikaza kamba.

Ijumaa, 17 Julai. Olbalbal.
Nilisimama. Nilikuwa nimeandika hoja saba, nikazisahau zote. Nikasema binti yetu anamtaka mwalimu, na mimi baba yake nakubali. Nikakaa. Dakika moja, haikufika. Olais akanitazama sana. Kisha wakakubali, mmoja baada ya mwingine.

Namelok atafunga ndoa Septemba. Nimeombwa kubariki, kwa upande wa baba.

Jumapili, 19 Julai. Rhotia.
Sikukuu ya Mavuno. Maboga, mahindi, jogoo aliyefungwa madhabahuni akawika wakati wa sala. Baada ya ibada niliitwa mbele ya baraza. Thomasi amesambaza habari mpaka Karatu kwamba mwinjilisti wa Rhotia ni mzee wa Kimaasai wa miaka thelathini na minane. Kitabu cha ubatizo kinasema nimezaliwa 1953. Mchungaji Clemensi akaniuliza, bila hasira, ni kanisa gani kati ya mawili nililoliambia ukweli. Nikasema hili. Akasema anashukuru.

Bibi Valeria akasimama. Bibiana amekataa. Kama ni mzee, hataki mzee. Kama si mzee, hataki mwongo. "Nyumba, mwanangu, tutahifadhia mahindi."

Nimehamishiwa Loliondo.

Jumatatu, 20 Julai. Rhotia.
Nimefungasha. Ratiba mpya nimeipiga kwa rula, safari hii ina safu ya safari. Olais amepita akielekea mnada wa ng'ombe, akaniomba nimwandikie barua kwa mdogo wake, Tobiko, wa Loliondo. Alisema, nikaandika: "Anayekuletea barua hii ni Seuri mwenzetu. Mpokee kama mimi. Wajulishe wote." Mwandiko safi. Nimeitia ndani ya Biblia isikunjike.

Nimetafakari kosa langu. Lilikuwa la hesabu tu: sikupaswa kuongeza. Loliondo hakuna anayenijua. Nitapunguza. Nitasema nina ishirini na miwili, na nitanunua kofia.

Barua nitamkabidhi Tobiko siku ileile nitakayofika, mbele ya watu. Mwanzo mzuri ni muhimu.