Korongo Linalomeza Ng'ombe

Jumatano, 9 Julai

Kikao cha ukoo. Nimeonewa!

Ajenda ilikuwa moja: nani atasimama kuisemea familia Jumamosi ya wiki ijayo, Mzee Kashindye wa Msowero atakapokuja na wazee wake kumposea kijana wake, Malimi. Anayeposwa ni Joha, binti wa dada yangu Tumwagile. Mjomba ni mimi. Mjomba ndiye mwenye mpwa, hilo hata kuku wanalijua. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaanza kushukuru kwa uteuzi.

Tumwagile akaniambia nikae.

Akasema mimi nikitumwa neno moja naleta kumi na simba juu yake. Akakumbusha harusi ya jirani, nilipoeleza nilivyomkaba simba barabara ya Mikumi kwa spana ya gurudumu. Wageni waliondoka hawajui bibi harusi anaitwa nani. Shemeji Ditram, aliyemuoa mdogo wetu wa mwisho, akadakia kwamba simba mwenyewe alikuwa fisi. Na fisi mwenyewe alikuwa amelala. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mnyama akilala anapungua meno?

Ditram ana Noah. Anapeleka wageni mbugani Mikumi, wanarudi na picha. Basi ndiyo wamtake awe msemaji! Mtu hana hata methali mbili kichwani!

Mwisho Tumwagile akatoa hukumu. Nifanye kitu kimoja, kimoja tu, kiishe kama nilivyosema, na yeye aone kwa macho yake. Nikiweza, kiti cha msemaji ni changu. Nikishindwa, cha Ditram.

Nimekubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 10 Julai

Wazo limenijia kwa kinyozi. Simu yake ilikuwa inaonyesha wazungu jangwani, wanatembezwa kwenye makorongo marefu yenye kuta nyekundu. Familia moja, mwongozaji wao mmoja, hakuna kuchanganyika na watu. Asubuhi wanakwenda, jioni wamerudi. Wengine wanatokwa machozi. Kwa shimo!

Nikamwambia kinyozi asimamishe mashine. Shimo hata sisi tunalo. Korongo la Mvumi!

Nimetoka na kichwa nusu, nikaandika stetasi kwa herufi kubwa: ZIARA BINAFSI YA SIKU MOJA. NJOO UONE MAKORONGO YA JANGWANI, KILOSA. MWONGOZAJI WA KIMATAIFA. CHAKULA KIPO. Kimataifa ni kwa sababu niliwahi kumwelekeza Mkongo njia ya stesheni, na akafika.

Mchana nikaenda kulikagua. Korongo limepungua! Nilipokuwa mtoto lilikuwa halina mwisho. Ama limejaa udongo ama mimi nimerefuka. Ukisimama chini, kichwa kinachungulia kidogo. Tena chini kabisa Mama Doto amepanda matembele, kijani kibichi, yamenawiri kama yamependwa. Jangwa gani lina mboga?

Nikamwomba ayang'oe kwa maendeleo ya wilaya. Akaniuliza kama nimekunywa. Tumekubaliana niyafunike kwa turubai la rangi ya udongo, siku moja tu, bila kuvunja hata jani.

Mchanga upo, nimeupima kwa kiatu. Jangwa ni mchanga. Mengine ni mbwembwe.

Ijumaa, 11 Julai

Mteja! Wala sijamtafuta.

Amepiga Mwalimu Elineema, mama mstaafu anayeishi Mikumi mjini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya ubaoni. Akasema ametumiwa tangazo langu. Kwanza akanisahihisha: si "makorongo ya jangwani", ni "makorongo wa jangwani". Nikamkubalia. Mimi shule niliiacha darasa la tano, walimu walipoishiwa cha kunifundisha, na Kiswahili naona siku hizi kimebadilishwa huko wizarani.

Akauliza kama makorongo wapo kweli msimu huu wa kiangazi. Nikamwambia tangu nizaliwe wako palepale. Akashangaa: hawahami? Nikasema wa kwetu hahami, labda achimbwe.

 Akauliza urefu. Nikamwambia, Mwalimu, mtu mzima akiingia ndani haonekani hata nywele.

"Ndani?"

Nikasema ndani kabisa, na mkoba wake.

Akauliza anakula nini. Hapo nikajua huyu mama ana utani mzuri, nami nikampa wa kwangu: mwaka wa mvua nyingi lilimeza ng'ombe wa watu na pikipiki ya mwenyekiti. Hili ni kweli tupu, isipokuwa pikipiki ilikuwa baiskeli.

Akauliza kama inabidi kunyamaza tukikaribia. Nikasema apige kelele atakavyo, linajibu. Akauliza linajibu nini. Nikasema neno kwa neno!

Akavuta pumzi ndefu. Akasema amewafuatilia makorongo tangu yuko chuoni na hajapata kusikia hayo. Amekwishapanda gari la bwana mmoja Ditram kwenda mbugani, lakini bwana yule hasimami mpaka aone simba. Nikamwambia vitabu havijafika Mvumi. Akasema hili lazima alione kabla hajafa. Atakuja Jumatatu, na darubini.

Nimempora Ditram mteja! Darubini ya nini kwa shimo, sijui. Wasomi wana mambo yao.

Jumapili, 13 Julai

Maandalizi yanakwenda vizuri isipokuwa yote.

Jangwa linataka ngamia. Ngamia hakuna. Nikapiga simu Msowero kumwomba Mzee Kashindye punda wake, nikimwambia nina ugeni mzito wa utalii. Mzee akasema punda atakuja, ila haazimishwi bila mwenyewe, kwa hiyo naye atakuja. Nikataka kukataa, ulimi ukakubali. Sasa mkwe mtarajiwa atakuwepo! Tumwagile naye anakuja, kapika wali na kuku, anasema hakosi hili hata kwa homa.

Jioni nikaenda kujaribu mwangwi. Nikaita, "Vitalis!" Korongo likanyamaza. Nikaita tena kwa hasira. Kimya. Linaniangalia tu.

Sikushindwa. Nimemweka sawa Mama Doto: kesho ajifiche penye kona ya korongo, na kila akisikia neno alirudishe kama lilivyo, asiongeze wala asipunguze. Badala yake nitambebea mihogo yake yote hadi gulioni. Amejaribu mara mbili. Sauti yake ni nzuri kuliko mwangwi wenyewe.

Ditram kapita na Noah, kashusha kioo. "Shemeji, nasikia umefungua mbuga ya mashimo!" Nimemjibu kwamba aliyechelewa kucheka hucheka na meno mengi. Methali yangu mwenyewe. Yeye anayo?

Jumatatu, 14 Julai

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Asubuhi ilianza kwa heshima zote. Mimi nikamwamkia Mzee Kashindye, marahaba. Nikamwamkia Mwalimu, marahaba. Tumwagile akawaamkia wote, marahaba. Punda peke yake ndiye hakuamkiwa, nadhani ndipo alipoanza kuweka kinyongo.

Tukatembea. Mimi nikaeleza jangwa. Nikawaambia hapa zamani misafara ilipotea mazima. Mzee Kashindye akasema hapa zamani palikuwa mashamba ya katani. Nikasema ndani ya katani ndimo walimopotelea. Mwalimu hakusikiliza. Alikuwa anatazama juu ya miti na darubini, akajikwaa, akaomba samahani kwa kisiki.

Tukafika ukingoni. Nikanyoosha mkono kama mwenye nchi. "Mwalimu, ndilo hili!"

Akaweka darubini machoni, akatazama ng'ambo. Yuko wapi? Nikasema mbele yako. Akatazama kushoto. Nikamwambia, Mwalimu, ukisogea hatua moja utaangukia ndani yake. Akaishusha darubini taratibu na kunitazama kama daftari lililojaa makosa.

Nikaona nimpooze kwa mwangwi. Nikaita, "Mimi ni Vitaliiis!" Korongo likajibu, "Mimi ni Vitaliiis!" Safi kabisa! Tumwagile akanyanyua nyusi. Mzee Kashindye akapendezwa, naye akasogea ukingoni, akanguruma, "Nani huko?"

Korongo likakaa kidogo. Kisha likajibu kwa adabu, "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba!" akaitikia Mzee Kashindye. Halafu akageuka na kuniuliza ni la ukoo gani.

Mama Doto baadaye alijitetea kwamba yeye kalelewa, hawezi kusikia sauti ya mzee akamwigiza kama kasuku. Lakini kujitetea kulikuja baadaye, maana muda huohuo punda alikuwa ameshuka, amelivuta turubai kwa meno na anakula matembele kama aliyealikwa. Mwangwi ukatoka kwenye kona na jembe mkononi, unatukana. Mzee Kashindye akamkimbilia punda. Tumwagile akaketi chini, akajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika.

Hapo Mwalimu akanishika mkono, kwa upole, kama anamwambia mtu habari ya msiba. Akasema, baba, mimi nilikuja kuona korongo. Ndege. Yule wa miguu mirefu na mdomo mrefu. Korongo!

Nimepigwa na radi mara tatu maishani. Hiyo ni ya nne.

Sasa, mtu mwingine angesema samahani. Mimi nikaikumbuka sura ya Ditram kwenye kioo cha Noah. Nikasema, bila shaka, Mwalimu! Ziara ina vipengele viwili. Asubuhi korongo la ardhi, mchana korongo la hewani. Twende!

Nilikuwa sijui ninakokwenda. Nikatembea haraka ili nisiulizwe. Tukapita kwenye mapagale, Mzee Kashindye akimburuta punda wake nyuma, tukapita kwenye mahindi yaliyovunwa, jua likatukausha. Hapo hata jangwa likapatikana. Tumwagile akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anahesabu nimeshindwa. Nikamwambia bado.

Tukatokeza nyuma ya machinjio ya kijiji. Na pale, juu ya mifupa, amesimama! Dude! Miguu kama fito, kipara kibaya, mfuko unaning'inia shingoni, kajikunyata kama karani aliyenyimwa likizo. Nimemwona siku zote. Nilikuwa namwita "yule wa machinjioni."

Mwalimu akanifinya mkono mpaka damu ikasimama. Akanong'ona kwamba huyo ni korongo, tena mkubwa kuliko wote wa nchi hii. Akapiga magoti mavumbini na darubini yake. Mstaafu yule! Usoni alikuwa kama msichana aliyeletewa barua.

Kisha mchinjaji akatupa sikio zima la ng'ombe. Ndege akalidaka, akainua mdomo, akalimeza bila kutafuna. Likashuka kwenye mfuko, tukaliona linavyoshuka.

Nikamgeukia dada yangu.

"Nilimwambia nini Mwalimu? Korongo linameza ng'ombe!"

 Mwalimu akacheka hadi miwani ikaanguka, akasema kwa haki kabisa, mimi ni shahidi, kameza ng'ombe. Tumwagile akasema lile ni sikio. Nikamuuliza sikio la nani. La mbuzi?

Mzee Kashindye ndiye aliyemaliza. Akakuna kidevu, akasema Jumamosi angependa sana kuongea na mimi. Si na mwingine. Na mimi tu.

Ukweli umejisimamia wenyewe.

Jumamosi, 19 Julai

Siku yangu. Koti, kofia, fimbo ya kuazima. Ditram kaketi nyuma, karibu na masufuria.

Tumwagile alinipa masharti mlangoni: niwakaribishe, nitaje ng'ombe wa mahari tuliokubaliana ndani, nikae. Hakuna simba. Joha alinitazama tu, mpwa wangu, mikono imekamatana. Nikamwambia atulie, mjomba yuko kazini.

Nikawakaribisha. Vizuri mno. Nikataja ng'ombe. Sikuongeza hata mkia! Wazee wa Msowero wakatazamana. Mzee Kashindye akasimama, uso mkavu kama ukuta, akasema idadi ni ya haki na moyo wake umeiridhia. Tatizo ni moja. Ng'ombe alikuwa nao wa kutosha, lakini wengi amewapoteza.

Nikamuuliza wamepatwa na nini.

Akasema wamemezwa na korongo.

Watu wakaguna. Mzee akaninyooshea kidole, kwa heshima, akasema kama wana shaka wamuulize msemaji wao wenyewe, ndiye mjuzi wa jambo hilo. Linameza au halimezi?

Nyumba nzima ikanigeukia. Nyuma ya pazia Tumwagile alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zote. Nilimwona. Joha alifumba macho. Nilijua neno gani linatakiwa. Dogo tu, halimezi, basi, nikae!

Lakini Ditram naye alikuwa anatazama, kale kacheko tayari kwenye kona ya mdomo. Angekwenda kusema mji mzima kwamba Vitalis kakiri uongo.

Nikasema linameza. Tena kwa kishindo. Nikawaeleza na pikipiki.

Wazee wa Msowero wakapiga makofi. Mzee Kashindye akanishukuru kwa ushahidi, na mahari ikakatwa nusu palepale. Ndipo Ditram akaitwa kutoka kwenye masufuria. Dakika chache tu, hana hata methali, akarudisha robo. Joha akacheka na kulia kwa pamoja. Harusi ipo.

Tumwagile hajaniambia neno. Kaniletea chakula, kaweka, kaondoka. Kidari cha kuku sikukiona.

Mimi nasema hivi: leo ni mara ya kwanza ukoo mzima wa watu umeniamini niliposema jambo.

Jumapili, 20 Julai

Mwalimu Elineema kapiga! Rafiki zake wamesikia habari za Mvumi na wanataka ziara. Wao si watu wa makorongo. Akauliza, kwa tahadhari, kama upande wetu kuna paa.

Paa! Hapo nikatabasamu. Nikamwambia, Mwalimu, njooni hata kesho, paa zimejaa Kilosa nzima, huwezi kugeuka usizione. Akauliza wakubwa? Nikasema mvua ikinyesha watu ishirini wanajificha chini ya moja.

 Akauliza, taratibu sana, kama nimewahi kumkaribia mmoja.

Nikamwambia la kwangu nimelala chini yake miaka yote. Linavuja kidogo, lakini juzi nimelipigilia bati jipya.